Neno "ma": lilikotoka na linachomaanisha katika lugha mbalimbali

Funga midomo, toa sauti kupitia puani, kisha fungua kinywa. Umeshasema "ma". Hakuna ulimi wa kupinda wala koo la kukaza, na ndiyo maana silabi hii imeenea katika lugha nyingi mno. Kinachotofautiana ni kazi iliyopewa. Lugha moja imeifanya jina la mnyama, nyingine alama ya swali, nyingine kiambishi tu. Kufanana huko kwa sauti kumewaponza wengi: mtu akisikia maneno mawili yanalingana, hukimbilia kusema moja limezaa jingine.

Katika Kiswahili sanifu, "ma" haisimami peke yake kama neno. Ni kiambishi cha ngeli tulichorithi kutoka Kibantu cha kale, na kina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni wingi: jina huwa majina, jicho huwa macho, na jino huwa meno kwa sababu "a" ya ma- imekutana na "i" ya -ino zikaungana kuwa "e". Ya pili ni kutaja vitu visivyohesabika, hasa vya majimaji, kama maji, mafuta na mate.

Hapo kwenye maji ndipo watu hujikwaa. Kiarabu kina neno mā' lenye maana hiyohiyo, na kwa kuwa Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu, wapo wanaoamini kwamba maji nayo ni mkopo. Sivyo, na ushahidi hauko mbali. Wazulu husema amanzi, Waganda amazzi, Wanyarwanda amazi, Wachewa madzi, na kwa Kilingala ni mai. Lugha hizi hazikupata neno la maji kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Zimelirithi pamoja na Kiswahili kutoka chimbuko moja. Tena, ukiondoa ma- katika maji unabaki na -ji, ambao ndio mzizi wenyewe. Ukiondoa "m" katika mā' ya Kiarabu umeliua neno, kwa sababu "m" hiyo ni sehemu ya mzizi: ipo katika wingi wake miyāh, ipo katika mayim ya Kiebrania, ipo hata katika mw, neno la maji la Misri ya kale. Kwa hiyo tunachokiona ni kiambishi cha Kibantu kikifanana kwa bahati na mzizi wa Kisemiti, yaani wa jamii ya lugha za Kiarabu na Kiebrania.

Lakini Kiarabu kweli kimetuletea "ma" nyingine, na hii imejificha vizuri zaidi. Tazama maktaba, madrasa, mahakama, maskani. Kiarabu huunda maneno kwa kuchukua konsonanti za mzizi, mara nyingi tatu, na kuzivisha irabu na viambishi. K-t-b inahusu kuandika, nasi tumepata kitabu, katibu na maktaba. D-r-s inahusu kusoma, ikatupa darasa na madrasa. H-k-m imetupa hukumu, hakimu na mahakama. Katika maneno haya ma- huonyesha mahali pa kufanyia jambo, haina uhusiano wowote na wingi. Hata neno "maana" lina ma- ya asili hiyo ya Kiarabu, ingawa lenyewe halitaji mahali.

Jambo linalonivutia kuliko yote hapa ni kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakudanganyika. Tunasema "mahakama imeamua", hatusemi "yameamua", lakini "maji yamemwagika". Silabi ya mwanzo ni ileile, upatanisho ni tofauti. Kwenye kitabu mambo yalikwenda kinyume. "Ki" yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini wasemaji waliisikia kama ki- ya kisu na kiti, wakaunda vitabu. Na mahali, neno la Kiarabu la mzizi mwingine, likaingia katika ngeli ya PA: mahali hapa, mahali pazuri. Mkopo mmoja ukahifadhiwa ulivyo, mwingine ukafanywa wa Kibantu kabisa, na wa tatu ukapewa kiti cha peke yake.

Kiarabu kina pia mā inayojitegemea, neno dogo lenye kazi nyingi. Huuliza "nini", hukanusha, na humaanisha "kile ambacho". Anayesema mashallah anaitumia kazi hii ya tatu: kile alichotaka Mungu. Katika Kiebrania mah ni "nini". Kisomali nacho kina ma inayouliza na ma inayokanusha: "ma nabad baa?" ni kuuliza kama kuna amani, na "ma garanayo" ni "sijui".

Tukienda China, "ma" inakuwa somo zima. Kichina cha Mandarini ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili neno. Mā ya sauti ya juu isiyotikisika ni mama. Má inayopanda ni katani, mmea wa nyuzi. Mǎ inayoshuka kisha kupanda ni farasi. Mà inayoanguka kwa kasi ni kutukana. Na ma isiyo na toni huwekwa mwishoni mwa sentensi kuifanya swali. Ndiyo sababu walimu hupenda kuwafundisha wanafunzi sentensi "māma mà mǎ ma?", yaani "Je, mama anamtukana farasi?" Kwa sikio letu hayo ni mama-ma-ma-ma tu, kwa kuwa Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maneno, mara chache tu mkazo hufanya kazi hiyo, kama katika barabara ya kupita na barabara ya "sawasawa".

Maandishi yao yanaeleza zaidi. Herufi ya mama, 妈, ina vipande viwili: kushoto ni mwanamke, kulia ni farasi. Farasi hakuwekwa pale kwa maana yake. Amewekwa kuonyesha jinsi neno linavyotamkwa, na mwanamke ndiye anayebeba maana. Herufi ya swali, 吗, ni mdomo na farasi. Ya kutukana, 骂, ni midomo miwili juu ya farasi. Kivietinamu nacho kina toni sita, na ndani yake ma ni mzimu, mả ni kaburi, mạ ni miche ya mpunga, na má, kwa wasemaji wa kusini, ni mama.

Ulaya nitapita haraka. Ma ya Kifaransa ni "yangu" kwa nomino za kike, kutoka Kilatini mea. Ma ya Kiitaliano ni "lakini", na asili yake ni magis ya Kilatini, "zaidi", ambayo pia imezaa más ya Kihispania na mais ya Kifaransa. Kihungaria ma ni "leo". Kipolandi ma ni "ana", kwa maana ya kuwa na kitu. Kiestonia ma ni "mimi" kwa ufupi.

Japani inastahili kituo. Ma yao, 間, ni nafasi iliyo kati ya vitu viwili, iwe ya mahali au ya muda: pengo kati ya nguzo, kimya kati ya midundo ya ngoma, pumziko la mwigizaji kabla ya neno linalofuata. Herufi yenyewe ni lango ambalo jua linaonekana katikati yake. Zamani palikuwa na mwezi. Mwaka 1978 msanifu majengo Arata Isozaki aliandaa maonyesho Paris juu ya dhana hii peke yake. Lakini si neno la wasanii tu. Mtu mjinga huitwa manuke, aliyepungukiwa na ma, na kuwahi kwa wakati ni maniau.

Inabaki ma ya mama, ambayo hufanana katika lugha zisizo na undugu wowote. Mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kuitia mama na baba duniani, na mwanaisimu Roman Jakobson akayatumia mwaka 1959 kueleza sababu. Mtoto anaponyonya midomo yake imeziba, sauti pekee inayoweza kutoka ni mgumio wa puani. Baadaye hutoa mgumio huohuo akitaka chakula, na anayemwendea ndiye anayepewa jina. Hakuna aliyemkopa mwenzake, watoto wamelianzisha upya kila mahali. Na si lazima jina limwangukie mama: katika Kijojia neno "mama" humaanisha baba, na mama mzazi huitwa "deda". Kwa Wapitjantjatjara, wenyeji wa asili wa Australia, "mama" vilevile ni baba. Nao Wajapani husema haha kwa mama, neno ambalo wanaisimu wanaamini zamani lilitamkwa papa.