Kusoma kiungo si kukifuata: maana ya readlink katika C

Mwenye duka hapa Mombasa akihama kutoka Mji wa Kale kwenda Kisauni, hubandika karatasi mlangoni: "Tumehamia Kisauni, karibu na stendi." Mteja huisoma, akapanda matatu, akavuka Daraja la Nyali mpaka dukani. Lakini yupo pia anayetaka tu kujua karatasi inasemaje, kisha arudi zake.

Katika Linux na ndugu zake wa ukoo wa Unix, karatasi hiyo ni kiungo cha ishara: faili ambayo ndani yake hamna kitu ila njia ya kwendea faili nyingine. Ukiita open, mwito wa kufungua faili, mfumo unakifuata kiungo kwa niaba yako na kukufungulia faili iliyoko mwisho wa safari. Ukiita readlink, hakuna safari. Unakabidhiwa maandishi ya karatasi, basi. Ndiyo maana readlink hujibu vizuri hata kama duka la Kisauni lilishavunjwa, ilhali open itagonga mwamba na kurudisha kosa la ENOENT (hakuna faili kama hiyo). Mwito huu si mgeni, ulikuja na 4.2BSD, toleo mojawapo la Unix, mwaka 1983.

Tuchukue saa ya kompyuta. Mombasa haina faili yake katika hazina ya majira, sisi wa Pwani tunahesabiwa kwa Nairobi (na si kwa saa peke yake, ila hayo tuyaache). Kwenye mashine yangu /etc/localtime, inayoiambia mashine ifuate saa za wapi, ni kiungo chenye maandishi haya:

/usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi

Hesabu herufi: 34. readlink inazimwaga baiti hizo 34 kwenye bafa yako (nafasi ya kumbukumbu uliyoitenga) na kurudisha namba 34. Baiti ya sufuri, ile ambayo C huitegemea kujua neno limeishia wapi, haiweki. Mara ya kwanza nilipoichapa bafa kwa printf nikapata Nairobi yenye mkia wa takataka, nikalaumu kompyuta kwa nusu saa. Kumbe printf ilikuwa inaendelea kusoma kumbukumbu ikitafuta sufuri ambayo hakuna aliyeiweka. Sufuri unaiweka mwenyewe:

ssize_t n = readlink(njia, bafa, sizeof(bafa) - 1);
if (n >= 0) bafa[n] = '\0';

Ile -1 ni nafasi ya sufuri. Na usiruke hilo sharti la if: mwito ukishindwa n huwa -1, nawe utaandika kabla ya mwanzo wa bafa.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye bafa ndogo. Mpe readlink nafasi ya baiti 20 tu, nayo itakata maandishi kimyakimya na kurudisha 20, bila kosa lolote. Utakachobaki nacho ni /usr/share/zoneinfo/, ambayo ni saraka (folda) halali kabisa iliyopo kwenye diski! Programu itaendelea mbele kwa furaha, ikielekea siko. Kwa hiyo jibu likilingana na ukubwa ulioomba, lishuku. Ongeza bafa, uite tena.

Wengi huuliza kwanza urefu kwa lstat, mwito wa kutoa taarifa za faili, ambayo katika sehemu ya ukubwa, st_size, itasema 34. Iwe lstat, si stat, maana stat hukifuata kiungo na kukupa ukubwa wa faili ya Nairobi. Hata hivyo usiuamini sana urefu huo. Viungo vya /proc, saraka ambayo Linux huitunga yenyewe, kama /proc/self/exe, husema 0 ingawa vina maandishi. Tena kati ya lstat na readlink mtu anaweza kubandika karatasi nyingine, ndefu kuliko ile uliyoipima.

Ukiisomesha readlink faili ya kawaida, errno, namba ya kosa, itakuwa EINVAL: hapa hapana karatasi.

Jambo la mwisho huwachanganya hata wazoefu. Karatasi ikisema "mlango wa tatu kushoto," utahesabu kuanzia mlango ilipobandikwa, si kuanzia ulipokuwa umesimama wewe. Vivyo hivyo, maandishi yasiyoanza na / huhesabiwa kutoka saraka yenye kiungo, wala si saraka ambamo programu yako inaendeshwa. Kuyaunganisha ni kazi yako, readlink haikusaidii. Kama unachotaka ni njia kamili hadi mwisho, viungo vyote vikiwa vimeshafuatwa, ita realpath.