Je, wajua kwa nini chuma kilichoprintiwa hujikunja kikikatwa?

Unaprinti kipande cha chuma kwa printa ya 3D, kinatoka kimenyooka kabisa juu ya bamba lake, unapitisha msumeno pale chini kukitenganisha na bamba na hapo hapo ncha zinainuka kama jani lililokauka. Hakuna aliyekipinda. Nguvu hiyo imetoka wapi sasa?

Ilikuwemo humo muda wote. Printa hizi zinatandaza unga wa chuma tabaka jembamba sana, mara nyingi maikromita 30 mpaka 60, leza inapita inayeyusha, linatandazwa lingine, na lingine, hadi maelfu. Kwa metali ya titani pale leza inapogusa panavuka nyuzi 1,600 za Selsiasi halafu panapoa fasta mno, kasi inaweza kufika nyuzi milioni moja kwa sekunde. Chuma kikipoa kinasinyaa, fundi wa kuchomelea yeyote anajua hilo, ila tabaka jipya likitaka kusinyaa lile la chini lilishaganda zamani na limelishikilia, basi la juu linabaki limevutika kama raba. Matabaka yote yako hivyo na bamba ndo linayazuia, ukikata umefungua kamba. Saa nyingine hata hakisubiri, ncha inainuka katikati ya kazi, bleidi ya kutandaza unga inaigonga na kazi ya siku nzima imeenda.

Ndo maana watu wanapiga hesabu kwanza kwenye kompyuta, na hapa ndo penye utamu. Doa la leza ni kama sehemu ya kumi ya milimita, kipande kizima kinaprintiwa masaa kibao, ukitaka kompyuta iifuate leza kila inapopita utazeeka. Kwa hiyo wanaiga kisehemu kidogo kwa undani, wanapata kiasi chuma kinachosinyaa, wanakipachika kwenye matabaka manene ya kubuni (matabaka mengi ya kweli yamefungwa kuwa moja) na joto wanaachana nalo. Ujanja wa kurithi kwa watu wa kuchomelea huo. Ni kama kuibia mtihani, lakini umbo la jumla linatoka karibu na ukweli, ila hesabu inakosea zaidi pale chuma kinaponing'inia juu ya unga kwa sababu unga haupitishi joto vizuri na pale panabaki pa moto.

Hesabu ikisema ncha itainuka milimita moja, kwenye mchoro ncha hiyo inashushwa milimita moja, yaani unaprinti kitu kilichopinda makusudi ili kikikatwa kinyooke. Mara nyingi inabidi kurudia. Na bado wengi wanakiingiza kwanza kwenye tanuri kikiwa juu ya bamba lake, ule mvutano wa ndani ulegee, ndo msumeno ufuate.