Mstafeli na ile namba 10,000

Jumanne asubuhi mama mmoja aliniwekea dirishani chupa ya lita moja na nusu, ndani maji ya kijani yaliyokolea. "Mwanangu, haya majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko kemo. Hizo dripu nimeona nizipumzishe kwanza." Alikuwa amebakiza mizunguko miwili ya kemo, yaani dripu za dawa za saratani. Ni mtu wa nne mwezi huu kuniletea namba hiyo hiyo, na mimi mfamasia wa dawa za saratani nimechoka kuisikia.

Namba yenyewe haikutungwa, na ndiyo maana inawanasa hata wasomi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kiini kimoja cha mstafeli, kemikali ya jamii iitwayo asetojenini, kilikuwa na nguvu mara 10,000 ya adriamaisini, mojawapo ya dawa za kemo, dhidi ya seli za saratani ya utumbo mpana. Sasa rudia taratibu. Kiini kimoja, kilichotengwa kikawa safi. Kilitoka kwenye mbegu, siyo kwenye majani. Kililinganishwa na dawa moja, ile dripu nyekundu mnayoijua, siyo na kemo zote. Tena kwa seli za aina moja, ndani ya kisahani cha maabara. Kisahani hakina ini la kuvunjavunja dawa, hakina tumbo la kuikataa, wala hakina ubongo wa kudhurika. Jiki nayo ukiimimina mle inaua.

Na "nguvu" hapo maana yake ni kwamba kiasi kidogo kinatosha kuua. Haisemi kinamuua nani. Asetojenini huizuia seli kutengeneza nishati, na seli za ubongo hazivumilii kukosa nishati. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, waliripoti wagonjwa wengi kupita kawaida wenye dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, zisizosikia dawa, na wengi wao walikuwa walaji wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Huo ni uhusiano, haujawa ushahidi wa chanzo. Lakini panya waliopewa annonasini, asetojenini kuu ya mstafeli, ubongo wao uliharibika. Tunda kula, juisi yake hata mimi naipenda. Ninachogomba nacho ni lita na nusu ya majani kila siku.

Halafu kuna lililoniuma kuliko yote. Dripu aliyotaka kuiacha mama yule ilikuwa paklitakseli, na paklitakseli ni dawa ya mti! Gome lake lilichumwa kaskazini-magharibi mwa Marekani mwaka 1962. Kilo 12 za gome zilitoa nusu gramu ya dawa. Muundo wake ulichapishwa mwaka 1971, na ruhusa ya kuwatibu wagonjwa ilikuja 1992. Miaka 30 hiyo ilikwenda kwenye kutafuta kipimo, madhara, na namna ya kuiingiza mwilini, maana haiyeyuki kwenye maji. Ungechemsha gome lile mpaka sufuria iungue usingepata kitu cha maana. Vinkristini tunayowapa watoto wenye leukemia, saratani ya damu, nayo imetoka kwenye mmea, ule wa maua ya pinki au meupe unaopandwa kwenye bustani zetu. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi nataka ya asili, kemo ni kemikali", namwonyesha dripu.

Eti kampuni zinaficha mimea? Kati ya 1960 na 1982 serikali ya Marekani ilipima dhidi ya saratani dondoo za mimea takriban spishi 35,000. Zilizofika kwa mgonjwa zinahesabika kwa vidole.

Manjano, nayo inayosifiwa kutibu saratani: weka kwenye mchuzi. Kurkumini, kiini chake kinachosifiwa, nyingi hupita tumboni bila kufyonzwa, na kidogo kinachoingia ini hukibadilisha haraka.

"Vitamini B17" ya mbegu za aprikoti siyo vitamini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 wa saratani, matokeo yakatoka 1982: hakupona hata mmoja, na wengine damu yao ilikutwa na sianidi karibu na kiwango cha kuua.

"Si nachanganya tu, haidhuru." Inadhuru. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi, ndiyo maana wanaomeza imatinibu, vidonge vya saratani ya damu, tunawakataza. Ombi langu ni lile lile kila siku: usimwage, usifiche, njoo na chupa. Daktari akikufokea, pitia kwangu. Mimi nitauliza mti gani, vikombe vingapi, tangu lini, kisha tutapima ini kabla ya dripu.

Mama alirudi Alhamisi. Ini lilikuwa sawa, dripu ikapanda. Chupa, anasema, aliiacha nyumbani, na sikumwuliza ina nini ndani.