"Less" na "fewer": maoni yaliyogeuzwa sheria

Ukiandika "less people" kwenye ripoti hapa Nairobi, hakosi mtu wa kuchomoa kalamu nyekundu na kukuambia umevunja sheria ya kale ya Kiingereza: "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika, "less" ni ya visivyohesabika. Ukale wenyewe haupo. Waingereza wametumia "less" kwa vitu vinavyohesabika tangu enzi za Mfalme Alfred, karne ya 9. Ni mwaka 1770 ndipo Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu lugha ya Kiingereza, alipoandika kwamba yeye anaona "fewer" inafaa zaidi. Yalikuwa maoni yake tu. Waliomfuata wakayafanya amri.

Tena amri hiyo hulegea. Nauli ya matatu kutoka Rongai ni "less than 200 shillings", na hata mwenye kalamu nyekundu hasemi "fewer", ingawa shilingi zinahesabika.

Pale maana inapobadilika, hapo naungana naye. "Less experienced teachers" ni walimu wenye uzoefu mdogo zaidi. "Fewer experienced teachers" ni kwamba walimu wazoefu wamepungua. Mkuu wa shule anayelalamikia upungufu akiandika la kwanza, atakuwa amewasema vibaya walimu aliobaki nao.