Kuandaa tangi la kuzalishia samaki wanaoishi kwenye magamba ya konokono

Katika sakafu ya Ziwa Tanganyika kuna maeneo ya mchanga mtupu, bila mwamba wa kujificha, ila magamba ya konokono Neothauma tanganyicense yametapakaa kila mahali. Maji ya ziwa hilo ni ya kialkali, hivyo konokono akifa gamba lake haliyeyuki upesi. Humo ndimo walimohamia samaki wadogo wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na sato na perege. Hujificha humo, hutaga humo na kulea humo humo.

Anayeanza tunamshauri achague Neolamprologus multifasciatus. Dume lake halizidi sana sentimita 4.5, jike huishia karibu 3, na jamii nzima huishi pamoja bila vifo vya mara kwa mara. Lamprologus ocellatus ana mvuto zaidi, lakini dume lake ni mgomvi na linataka nafasi.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linatosha kwa kundi la multifasciatus. Likijaa lina lita 54. Kina si hoja. Samaki hawa wanagombea sakafu, kwa hiyo tangi refu kwenda juu ni maji yasiyo na mwenyeji. Weka mchanga laini, usio na ncha kali, unene wa sentimita 5 hadi 7. Ukitaka mawe, yakalishe juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga. Samaki hawa huchimba mchana kutwa, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbuliwa chini hadi liwaangukie au livunje kioo. Kichujio kiwe cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, kwa sababu kile cha kuvuta kwa nguvu humeza mchanga na vifaranga.

Sasa magamba. Kila samaki apate yasiyopungua matatu, maana magamba yakiwa machache ndipo ugomvi unapoanza. Kama Neothauma hayapatikani, ya konokono wa kuliwa yanafaa, upana wa sentimita 3 hadi 5. Mdomo wa gamba uwe mpana kiasi cha samaki kuingia bila kujibana. Kataa yaliyopakwa rangi au vanishi, na yenye tundu nyuma, kwani samaki anaweza kunasa hapo. Yachemshe dakika 20 hadi 30, kisha yanuse moja moja. Linalonuka bado lina nyama ndani kabisa kwenye mzunguko, na nyama hiyo ikioza itaharibu maji ya tangi zima. Multifasciatus wapangie magamba kwa wingi sehemu moja, yakigusana. Ocellatus hulifukia gamba lake na kulinda eneo la kulizunguka, hivyo yaachanishe kwa sentimita 15 au 20. Usijisumbue kuyapanga kwa urembo. Kesho watakuwa wameyapanga upya.

Maji yanataka subira zaidi. Lenga pH (kipimo cha uasidi na ualkali) kati ya 8 na 9, maji magumu, yaani yenye madini mengi, na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji yako yakiwa laini, gramu 5 za baikabonati ya sodiamu (baking soda) kwa lita 20 huinua ugumu wa kabonati kwa takriban digrii 8 za ugumu, si za joto. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, usiimwage tangini. Chenga za mawe ya chokaa kwenye mchanga husaidia pH isishuke.

Pengine hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, kwenye maji ya kialkali ni kali kuliko ilivyo kwenye maji ya kawaida. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9, ni zaidi ya theluthi. Kiasi ambacho samaki wengine wangekivumilia, hawa huwaua. Kwa hiyo tangi liendeshwe wiki 4 hadi 6 bila samaki, likipewa amonia kidogo kidogo ili bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, waote kwenye sponji. Liko tayari pale vipimo vinapoonyesha amonia sifuri na nitriti sifuri ndani ya saa 24 tangu ulipotia amonia mara ya mwisho. Nitrati ndiyo hubaki, nayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji asilimia 10 hadi 20 kila wiki, ya joto lile lile na yaliyoondolewa klorini.

Nunua wadogo 6 hadi 8, kwa kuwa dume na jike hawatofautiki wakiwa wachanga; wakikua watajipanga wenyewe. Baada ya hapo punguza mkono tangini. Kila gamba unaloligeuza ni mipaka unayoivuruga, na mara nyingi ni mayai unayoyapoteza. Jike akikaa mlangoni pa gamba lake akipepea mapezi, huenda ametaga. Mayai hutayaona. Utakachoona siku kadhaa baadaye ni vijisamaki kama nyuzi, vikichungulia kwenye mdomo wa gamba. Ni wachache kila mara, lakini ndugu zao waliotangulia huvumiliwa palepale, hivyo huna haja ya tangi la kulelea.

Wape vifaranga mabuu ya artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, yaliyoanguliwa siku hiyo. Mayai yake huanguliwa hivi: lita 1 ya maji, gramu 25 hadi 35 za chumvi isiyo na viungio, hewa mfululizo, joto la nyuzi 26 hadi 28, na baada ya saa 24 hivi yako tayari. Wazazi watosheke na chakula cha vipande kilichosagwa, mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika 2. Nyama ya mifugo usiwape. Mafuta yake huwavimbisha tumbo.

Ukimwona mmoja ananing'inia kona ya juu karibu na hita, mapezi yamechanika, huyo amefukuzwa na kundi. Ongeza magamba upande wa pili, au mtoe. Kumtoa kuna namna yake: inua gamba alimo, lielekeze mdomo chini juu ya ndoo ili maji yatoke taratibu, kisha tumbukiza mdomo wake tena majini na usubiri. Usimchokonoe kwa waya, wala usilivunje gamba.