Mama, kata simu kwanza

Kazi yangu ni usalama wa mitandao, na bado mama yangu mzazi alitapeliwa. Nilijua wiki tatu baadaye kupitia mdogo wangu, kwa sababu mama aliona aibu kuniambia. Hizo wiki tatu zinaniuma kuliko hela yenyewe.

Ujumbe ulikuwa ule ule Watanzania tunaoujua: "Ile hela itume kwenye namba hii." Vijana wanaucheka. Lakini siku hiyo mama alikuwa kweli ameahidi kumtumia mjukuu nauli ya kurudi shule. Tapeli hakuyajua hayo. Yeye hutuma kwa namba nyingi, akijua hatakosa mmoja aliye njiani kwenda kwa wakala. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie wazee ni wajinga.

Nimeacha kuwasomea wazee orodha ndefu ya hatari. Na mama tumekubaliana jambo moja tu: akisikia "haraka" au "usikate simu", akate. Kisha anipigie mimi, kwa namba aliyoihifadhi. Hata wa "nimekosea kutuma, nirudishie mama yangu" tunamshughulikia hivyo hivyo: kata, angalia salio. Kama hela imeingia kweli, aliyekosea awaombe mtandao wake wairudishe.

Mengine niliyafanya nikiwa nimekaa naye barazani, simu mkononi mwake, si mwangu. Kwenye WhatsApp tuliweka uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, nikamweleza kuwa tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe haombwi na mtu mwema, hata akijiita mchungaji wake. Tukabonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hili msilipuuze: tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, wapo wasajili wanaomwambia mzee "haijasoma, weka tena kidole", kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake. Ujumbe wa kitapeli sasa anautuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Juzi alinipigia nikiwa kikaoni. Kuna binti kampigia akitaka hela ya dawa, haraka. Nilitoka nje, nikaulizia. Alikuwa kweli binti wa jirani, na mtoto alikuwa anaumwa. Mama akaanza kuniomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia, "Mama, umefanya vizuri sana. Kesho nipigie tena."