Kuunganisha mitandao ya kijamii na barua pepe: kinachoingia na kinachotoka

Karibu kila ninapomwandalia mtu kompyuta mpya ya ofisini huniuliza kama naweza kumwunganishia Facebook au LinkedIn na programu yake ya barua pepe, ili asihangaike kufungua huku na kule. Inawezekana, lakini kabla ya kugusa mipangilio humwuliza ni taarifa zipi anataka ziingie katika barua pepe yake na zipi yuko radhi zitoke, kwa kuwa hizo ni kazi mbili tofauti, ijapokuwa mara nyingi kitufe chake huwa kimoja.

Watumiaji wa zamani wa Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, watakumbuka toleo la 2010, lililokuwa na kiunganishi kilichoonyesha chini ya kila barua picha ya aliyeiandika pamoja na mambo aliyoyaweka mtandaoni. LinkedIn ilitangulia kuunganishwa, na Facebook ikafuata Julai mwaka huo. Nilikipenda, nakiri. Hata hivyo, kilitegemea mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao mwingine, na mwaka 2015 Facebook ilipobadilisha utaratibu wa programu za nje kuchota taarifa zake, sehemu hiyo ilikufa bila Outlook yenyewe kuharibika popote.

Upande wa kutoka ndio unaoumiza. Mhasibu mmoja, mtu wa rika la baba yangu, aliniita asubuhi moja akiwa amefadhaika, kwa sababu wateja walikuwa wakimpigia simu kumwuliza kwa nini anawaalika kwenye mtandao wa kijamii, na miongoni mwao alikuwamo mdaiwa ambaye ofisi ilikwisha kumfikisha mahakamani. “Kijana wangu, mimi sijamwalika mtu,” akaniambia hata kabla sijamaliza kumwamkia. Nilimwomba anionyeshe alichobofya jana yake. Alikuwa ameulizwa kama angependa kuwapata watu anaowafahamu, akakubali, akaandika neno la siri la barua pepe yake, na orodha nzima ya anwani, pamoja na za watu aliowahi kuwaandikia mara moja tu, ikapakiwa kwenye seva za mtandao ule. Nilimbadilishia neno la siri, kisha nikafanya jambo ambalo wengi hulisahau: niliingia katika akaunti yake ya mtandao huo na kufuta anwani zilizokwisha kupakiwa, kwani kufunga mlango huzuia uchotaji mpya tu, na yaliyokwisha kuchukuliwa hubaki huko huko. Mialiko iliyokwisha kutumwa hatukuweza kuirudisha.

Siku hizi huduma nyingi hutumia utaratibu uitwao OAuth, ambao toleo lake la 2.0 lilichapishwa mwaka 2012. Programu inayoomba kuunganishwa hukupeleka kwenye ukurasa wa huduma yenyewe, unaingia huko, unaorodheshewa inachoomba, na ukikubali programu hupewa tokeni, yaani kibali cha kidijitali cha mambo uliyoyakubali tu, badala ya neno la siri, kama unavyompa fundi ufunguo wa stoo bila kumwachia shada zima la funguo. Orodha hiyo isomwe mstari kwa mstari. Ukikuta programu ya kukuonyesha picha za watu inaomba pia kusoma na kutuma barua kwa niaba yako, ikatae. Anayetumia akaunti ya Google anaweza pia kufungua mipangilio yake, akaona programu zote alizokwisha kuziruhusu na kuziondoa moja moja. Wengi hukuta humo michezo waliyoicheza miaka mingi iliyopita.

Kuhusu arifa sina mengi. Tengeneza folda moja, kisha weka kichujio kinachohamishia humo kila barua itokayo facebookmail.com, ambayo ndiyo anwani ambayo Facebook hutumia kwa arifa zake, na ufanye vivyo hivyo kwa mitandao mingine. Kwa kuwa jina la mtumaji hughushiwa, barua inayokutisha kwamba akaunti yako inafungwa usiibofye. Ingia Facebook mwenyewe, kwani katika mipangilio yake ya usalama ipo orodha ya barua ilizokutumia hivi karibuni.

Njia ninayoipenda zaidi haiombi neno la siri wala ruhusa yoyote. Thunderbird, ambayo ni programu ya barua pepe, husoma pia milisho ya RSS, yaani orodha za machapisho mapya ambazo tovuti huzitoa ili programu nyingine zizisome. Chukua anwani ya ukurasa wa mtu umfuataye kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon, ongeza .rss mwishoni mwake, uiingize katika akaunti ya milisho ya Thunderbird, na machapisho yake ya hadharani yataanza kukufikia yakiwa yamepangwa kama barua. Ukitaka kumjibu itakubidi ufungue Mastodon yenyewe, kwa maana bomba hili linaingiza tu.